Pombe, Alama na Fomu ya Rose Nekesa

Siku yangu ya kwanza katika ofisi yetu mjini Kakamega nilipewa kiti kisicho na mgongo, mashine ya taipu iliyopoteza herufi moja, na onyo kwamba birika la makarani wakubwa si langu. Herufi iliyopotea ilikuwa "g". Mkitaka kujua ni maneno mangapi ya serikali yana "g", jaribuni kuandika barua bila hiyo. Nilikuwa naacha nafasi wazi, kisha naijaza kwa kalamu ya wino, na kwa miezi mitatu barua zote zilizotoka mezani kwangu zilionekana kama zimeumwa na mbu.

Uhuru ulikuwa na miezi michache tu. Katika chumba cha mwisho kulikuwa na Mzungu mmoja aliyekuwa akipanga vitabu vyake ndani ya masanduku, polepole, kama mtu anayetumaini kuambiwa abaki. Hakuna aliyemwambia. Kazi yetu ilikuwa kuhesabu shule, walimu, wanafunzi, madawati na vyoo, na kupeleka hesabu hizo kwa wakubwa. Nilikuwa nimetoka Butere na cheti changu cha kidato cha nne na sketi moja nzuri, nikidhani kuhesabu ni kazi nyepesi.

Mliponiaga juzi kwa soda na keki mliniomba niandike yale ambayo karani mpya anapaswa kuyajua. Vyeo nitaviruka. Mishahara mnaijua, nayo haijawahi kuwa habari ya kumfurahisha mtu. Nitaandika zaidi juu ya kazi moja, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha, na kwa sababu sijawahi kuisimulia yote.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bwana Imbuka, karani mkuu wa takwimu. Alikuwa mfupi, mkimya, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi upande mmoja, na alikuwa mwalimu wa hesabu kabla macho hayajaanza kumsumbua. Siku ya pili alinipa rundo la kadi ngumu zenye matundu pembeni, kuzunguka pande zote nne, pamoja na sindano ndefu ya kufumia sweta. Kila tundu lilikuwa na maana yake. Shule ikiwa na maji, unalikata tundu la maji kwa mkasi liwe wazi. Ikiwa haina, unaliacha. Kisha unapitisha sindano katika tundu lile kwenye rundo zima, unainua, unatikisa. Kadi zilizokatwa zinaanguka mezani, zilizobaki zinaning'inia. Unahesabu zilizoanguka, basi. Mashine zenu za leo hufanya kazi hiyohiyo, ila hazikuachii malengelenge kwenye kidole gumba.

"Kadi zilizoanguka zitakuambia ni nani na ni wangapi," Bwana Imbuka aliniambia. "Ukiulizwa kwa nini, usiziangalie tena. Nenda kwa mwenye kadi."

Nilielewa maana ya maneno hayo mwaka wangu wa kwanza, kwa kazi ya Lugari. Hesabu zetu zilionyesha kwamba shule zilizoezekwa kwa mabati mapya zilikuwa na watoto watoro wengi kuliko shule za nyasi. Mkubwa mmoja alichukua jambo hilo kwa uzito kabisa. Aliandika kwamba mabati yana joto na kelele za mvua, na kwamba yanawafukuza watoto darasani. Bwana Imbuka alinichukua, tukaenda mpaka Lugari kuona. Shule za mabati zilikuwa kwenye mashamba yaliyokuwa ya Wazungu, ambako familia zilikuwa zimegawiwa ardhi karibuni na kulima mahindi ekari baada ya ekari. Wakati wa kuvuna, mtoto mwenye mikono miwili hakuwa na ruhusa ya kwenda shule, mabati yawepo yasiwepo. Mama mmoja aliyekuwa akipukuchua mahindi alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza Bwana Imbuka kama serikali inawalipa watu kuuliza mambo kama hayo. Tulicheka njia nzima kurudi. Nimekiandika kicheko hicho hapa kwa sababu baada yake hakuna kingine.

Mwaka uliofuata yalianza malalamiko kuhusu pombe. Shule za harambee zilikuwa zinachipuka kila mahali, wazazi walikuwa wamebeba mawe na kuuza ng'ombe ili watoto wao wasome, na matokeo yalikuwa mabaya. Kwenye kila baraza mtu alisimama akasema vijana wanakunywa busaa na chang'aa na kuvuta bangi nyuma ya mashamba ya miwa. Afisa wetu, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa watoto wake wapo, aliamua jambo hilo lichunguzwe kwa hesabu. Mtaalamu mmoja alikuja kutoka Nairobi, akatutungia fomu ya maswali, akanywa chai yetu siku mbili, akaondoka kwenda masomoni ng'ambo. Kazi ikabaki kwetu.

Fomu haikuwa na jina la mwanafunzi. Ilikuwa na namba. Mwalimu mkuu alipewa orodha ya namba na majina ili ajaze alama za muhula mbele ya kila namba, kisha orodha hiyo ikarudishwa ofisini kwetu na kufungiwa kabatini. Namna hiyo tungeweza kulinganisha aliyesema anakunywa na alama alizopata, bila yeyote kumjua. Hivyo ndivyo mtaalamu alivyotuambia, na hivyo ndivyo nilivyowaambia wanafunzi.

Shule niliyopewa mimi ilikuwa upande wa Kabras, shule ya kutwa ya wavulana na wasichana, madarasa matatu ya matope na moja la matofali. Nilisimama mbele ya kidato cha tatu, walimu wakiwa wametolewa nje, nikasema maneno niliyoyakariri kwenye Landrova: "Msiandike majina. Andikeni ukweli. Hakuna mwalimu wala mzazi atakayesoma majibu yenu."

Msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha aliinua mkono. Alikuwa mrefu, sare yake imefuliwa mpaka ikapauka, macho mekundu kama mtu asiyelala vya kutosha.

"Mama, kuonja pia ni kunywa?"

Wenzake walicheka. Maelezo yangu hayakutaja kuonja. Nikasema, "Ukiweka mdomoni, andika ndiyo. Usiogope."

Aliinama akaandika. Jina lake sikulijua siku hiyo. Nilikuja kulijua baadaye: Rose Nekesa.

Tulikata kadi kwa wiki nzima. Nilipopitisha sindano kwenye tundu la pombe na kutikisa, kisha nikazipanga zilizoanguka kwa alama, ilionekana wazi. Wengi wa waliosema ndiyo walikuwa chini darasani. Waliosema hapana walikuwa juu zaidi. Kwenye bangi ilikuwa vilevile. Nilimpelekea Bwana Imbuka jedwali nikiwa na fahari, maana ilikuwa hesabu safi, kila safu inakubaliana na nyingine.

Alilisoma mara mbili. "Hesabu ni nzuri," akasema. "Sasa niambie, wamefeli kwa kuwa wanakunywa, ama wanakunywa kwa kuwa wamefeli?"

Nikasema sijui.

"Ama kuna jambo la tatu nyumbani linaloleta yote mawili?"

Nikasema fomu haikuuliza.

"Basi tuandike hivyo." Akakaa chini, akaandika aya moja kwa mwandiko wake wa ualimu. Ilisema kwamba jedwali linaonyesha pombe na alama mbovu vinakaa nyumba moja, lakini halionyeshi nani alimkaribisha mwenzake. Kwamba hakuna mwanafunzi aliyeulizwa alianza lini wala kwa nini. Na kwamba asiadhibiwe mtu yeyote kwa kutegemea jedwali hilo.

Nilipokuwa naandaa stensili za kurudufishia ripoti, Afisa alizipitia kurasa na penseli nyekundu mkononi. Akaichora aya ile kutoka kona hadi kona.

"Hii itawachanganya watu," akasema. "Ruka."

Nikaruka. Ninawaambia ninyi mnaobaki kwamba haikuchukua hata dakika moja. Niliiandika stensili kuanzia aya iliyofuata, ikaonekana kamili, na hakuna aliyeisoma akahisi kuna kitu kimepungua.

Ripoti ilisomwa kwenye mkutano wa walimu wakuu. Watu walipiga makofi. Hatimaye serikali yetu wenyewe ilikuwa imesema kwa hesabu kile ambacho kila mtu alikuwa amekijua. Wiki hiyo Bwana Imbuka alikwenda kwao kumzika mama yake. Kabati lilikuwa na funguo mbili, moja yake na moja yangu.

Afisa alikuja mezani kwangu asubuhi, akasimama. Hakuwa mtu wa kupiga kelele.

"Bi. Ayuma, nipe ile orodha ya namba na majina. Walimu wakuu wameomba wasaidiwe kuwajua walevi, ili wawashauri."

Nikasema, "Bwana, tuliwaambia wanafunzi kwamba hakuna atakayesoma."

"Ni kwa kuwashauri," akarudia. "Au unataka wafe na pombe huku tunaangalia orodha?"

Nilikuwa na mwaka mmoja na miezi michache kazini. Nilikuwa na wadogo wanne nyumbani. Nimejipa sababu hizo mara nyingi na zote ni za kweli. Nilifungua kabati nikampa. Kisha akaniambia nilinganishe namba na majina, nipige taipu majina ya waliosema ndiyo, shule kwa shule. Shule ya Kabras ilijaza ukurasa mmoja na nusu. Niliandika kwa uangalifu. Wakati huo mashine yangu ilikuwa imetengenezwa na herufi zote zilikuwepo.

Siku kumi na nne hazikupita. Nilikuwa napanga kadi za shule za msingi aliposimama mlangoni mama mmoja mwenye kitambaa cheupe kichwani, miguu imejaa vumbi, mkononi ameshika bahasha iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, akapumzika Lubao, akaendelea. Nilimpa kiti changu, ambacho bado hakikuwa na mgongo.

"Mwarimu mkuu alisema mtoto wangu ni mlevi," akaanza. "Nikamwuliza, amelewa siku gani? Akasema imeandikwa. Nikamwuliza, imeandikwa wapi? Akasema kwa ofisi Kakamega. Ndio nimekuja kuona penye imeandikwa."

Nilimwuliza jina la mtoto.

"Rose. Rose Nekesa." Alinipa bahasha. Barua ilikuwa na mistari mitatu. Ilisema mwanafunzi huyo amefukuzwa kwa ulevi kama ilivyothibitishwa na uchunguzi wa serikali.

"Mimi napikanga busaa," mama akasema. "Hapo mbele nilipikanga ya sherehe tu, Rose akionja tangu akiwa mdogo. Tangu baba yao akufe ndio kazi yangu. Rose ananisaidianga. Nakaanga unga kwa bati, yeye anachota maji, anasaga kimea. Asubuhi namwambianga, Rose, onja hii, imeiva ama bado? Anaonja, anasema imeiva, anaenda shule. Hata mimi mama yangu alinionjeshanga. Hiyo ndiyo kulewa?"

"Hapana, mama," nikasema.

"Yeye analia tu. Anasema kuna mama wa ofisi alikuja kwa shule, akamwambia aandike ndiyo. Akasema hakuna mtu atasoma." Akanitazama. "Wewe unamjua huyo mama?"

Ningeweza kusema simjui. Tulikuwa wanawake wanne katika jengo lile.

"Ni mimi," nikasema.

Nilitegemea anitukane. Badala yake uso wake ulilegea, akashusha pumzi kama mtu aliyefika.

"Basi ni rahisi," akasema. "Kama ni wewe, utaenda umwambie mwarimu."

Bwana Imbuka alirudi siku iliyofuata, nywele zimenyolewa kwa ajili ya matanga. Nilimweleza yote kabla hajavua koti. Hakunigombeza. Aliuliza jambo moja tu, kama nilikuwa nimewaambia wanafunzi maneno yale kwa mdomo wangu mwenyewe, nikasema ndiyo. Akasafisha miwani ambayo haikuwa chafu.

Kisha tukaenda kwa mwenye kadi. Tulianza na stoo, tukatafuta matokeo ya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi miaka ya nyuma. Rose Nekesa alikuwa wa pili katika tarafa yake nzima. Tukaenda Kabras, tukaomba rejista za muhula. Kidato cha kwanza alikuwa katika watano wa juu. Kidato cha pili muhula wa kwanza, vilevile. Muhula wa pili akaanguka mpaka katikati, wa tatu akawa karibu na mkia. Tulimwuliza mwalimu wa darasa kulitokea nini muhula ule wa pili. Akafikiri, akasema anadhani ndipo baba yake alipofariki, alikuwa dereva wa trekta, alikohoa mwaka mzima. Tangu hapo msichana alikuwa akisinzia darasani, nguo zake zikinuka moshi na unga uliochacha.

"Kwa hiyo tulijua ni pombe," mwalimu akasema.

Mnaona jambo lilivyokuwa. Alipokuwa wa pili katika tarafa alikuwa anaonja. Alipokuwa karibu na mkia alikuwa anaonja vilevile, kijiko kilekile. Kilichobadilika ni kwamba baba alikufa, busaa ikawa chakula cha nyumba, na mtoto akawa anaamka jogoo la kwanza kuchota maji. Tundu kwenye kadi halikuweza kusema lolote kati ya hayo. Tuliangalia majina mengine matano ya ukurasa ule. Wawili kwa kweli walikuwa walevi, na mmoja wao alianza baada ya kurudia kidato mara mbili. Watatu walikuwa watoto wa nyumba za busaa.

Bwana Imbuka aliandika yote kwa kurasa nne. Tuliingia kwa Afisa pamoja.

Alisoma kurasa zote, sitamsingizia. Alipomaliza akavua miwani.

"Ndugu yangu wa kunifuata alikufa kwa chang'aa," akasema. "Alipofuka kwanza. Nilimwongoza kwa mkono kwenda chooni, mtu aliyekuwa akinishinda hesabu. Sasa mnataka nisimame mbele ya wazazi niseme pombe haina neno?"

"Hapana, bwana," Bwana Imbuka akajibu. "Pole sana kwa ndugu yako. Tunataka useme hatujui kipi kilitangulia."

"Hatujui si ripoti."

"Ndiyo ripoti iliyopo."

"Nimeshaisoma mbele ya watu. Imeshakwenda Nairobi." Akageukia upande wangu. "Na wewe, Bi. Ayuma, ni nani aliyepiga taipu majina?"

Bwana Imbuka alisema, "Huyu aliagizwa."

"Basi sote tuliagizwa," Afisa akasema, akaturudishia kurasa zetu nne.

Alikubali jambo moja, kuandika kwamba kamati za shule zinaweza kuwafikiria tena wanafunzi waliofukuzwa, kila mmoja kwa kesi yake. Kamati ya Kabras ilipangiwa kukutana baada ya mavuno. Baada ya mavuno mwenyekiti aliugua. Ilipokutana, mtihani wa kidato cha tatu ulikuwa umepita, na mzee mmoja alisema hawezi kumrudisha mtoto mlevi akaharibu watoto wa watu, serikali ikiwa imeshasema. Mvulana mmoja alirudishwa, mtoto wa diwani.

Nilikwenda kwa akina Nekesa mara mbili. Mara ya kwanza Rose alinikaribisha, akanitandikia mkeka, akaniuliza kwa adabu kama kuna shule nyingine ambako ile karatasi haikufika. Nilimwambia nitauliza. Niliuliza, na kila mahali walitaka barua ya shule aliyotoka. Mara ya pili nilimsikia ndani ya nyumba, lakini mama yake alikuja mlangoni akasema ametoka. Sikwenda tena. Ningependa kuwaambia nilikwenda mara kumi.

Bwana Imbuka aliomba kustaafu kabla ya wakati wake, kwa sababu ya macho, alivyoandika. Aliniachia sindano na kadi na hakusema hotuba yoyote. Nilimzika miaka sita baadaye. Katika kazi yangu nilifanya yale aliyonifundisha. Orodha ya majina ikimaliza kazi yake, niliichoma mwenyewe nyuma ya ofisi na kukoroga majivu. Nilidai kila fomu iwe na swali la lini na swali la kwa nini. Nilishinda mara chache. Mengine ni madawati na vyoo.

Miaka mingi baadaye, nikiwa msimamizi, ilikuja kazi ya kuchunguza watu walioacha shule na hali zao. Familia zilichaguliwa kwa bahati nasibu, kijiji kwa kijiji, na wahoji wangu wawili walikuwa wagonjwa wa malaria, kwa hiyo nilichukua sehemu yao. Ndivyo nilivyofika tena kwa akina Nekesa, saa nne asubuhi, jua likiwaka.

Mama yake alikuwa ameshafariki. Chini ya kibanda cha nyasi walikaa wanaume sita na makopo yao. Rose alikuwa kwenye kigoda kando ya sufuria, naye ana kopo. Umri wake haukuwa umefika miaka arobaini, lakini uso ulikuwa umevimba na meno mawili ya mbele hayakuwepo. Watoto wake wawili walikuwa wanasaga kimea. Alinitambua kabla sijajitambulisha.

"Karibu, mama wa fomu," akasema, bila ubaya wowote. "Kaa. Uliza."

Nilitaka kusema mambo mengine. Alitikisa kichwa. "Uliza tu. Hiyo ndiyo kazi yako."

Nikauliza. Umri. Watoto. Kiwango cha elimu. "Kidato cha tatu, haikuisha," akasema kwa Kiingereza safi, na wanaume wakacheka kwa sababu hawakujua anajua Kiingereza. Unakunywa pombe? "Andika kila siku. Si kuonja siku hizi."

Kisha likaja swali la kwa nini uliacha shule. Fomu ilikuwa na majibu yaliyochapwa tayari, unaweka alama moja: karo, ujauzito, ugonjwa, kukosa hamu, ulevi. Nilimsomea yote.

Akawaza. Alichukua muda kama mwanafunzi anayetaka kupata jibu sahihi.

"Weka ulevi," akasema. "Si ndiyo iko kwa serikali? Msije mkapata fomu mbili zinabishana."

Sikuweka alama yoyote. Niligeuza fomu ubavu, nikaandika pembeni kwa kalamu, kwa herufi ndogo nilizozoea: Alifukuzwa kwa sababu ya uchunguzi wetu. Hakuwa mlevi. Alikuwa anaonja busaa ya mama yake. Nilimsomea nilichoandika. Alisikiliza, akasema, "Ni kweli," kisha akamgeukia mteja aliyekuwa akinyoosha kopo.

Fomu zilirudi ofisini na kuingizwa kwenye mashine mpya. Aliyesimamia mashine alikuwa mwenzetu mmoja hodari mwenye diploma, mtu mwema, anayewahi kazini. Nilipokuwa nahakiki fomu za Kabras niliiona ya Rose. Kwenye mraba wa sababu ya kuacha shule palikuwa na alama nyekundu, mwandiko wa mwenzetu. Ulevi.

Nilimpelekea. Nikamwonyesha maneno ya pembeni.

"Niliyaona, mama," akasema. "Lakini pembeni haiingii kwenye mashine, na mraba hauwezi kuwa wazi. Anakunywa kila siku, amesema mwenyewe. Nikachagua iliyo karibu."

"Alianza kunywa baada ya kufukuzwa."

"Hiyo, fomu haina mahali pa kuiweka," akasema kwa upole. Alionekana kunihurumia. "Na tuna fomu maelfu. Tukianza kusoma pembeni hatutamaliza."

Nilirudi mezani na fomu ile. Ripoti ilipotoka, sura yake ya tatu ilisema kwamba walioacha shule kwa ulevi wengi wao bado ni walevi, na kwamba hilo linathibitisha uamuzi uliochukuliwa na shule katika miaka ya mwanzo ya Uhuru. Rose Nekesa yumo katika jedwali hilo, katika safu ya mwisho. Alizikwa mwaka uliofuata. Niliambiwa na dereva wetu, aliyesikia sokoni.

Ripoti iko kwenye rafu ya chini, karibu na dirisha, ikiwa hamjaitupa. Kila jedwali lina mstari wa jina la aliyehakiki, na sahihi. Siku ya kuhakiki jedwali lile, watu wa kuipeleka Nairobi walikuwa wanasubiri mlangoni, gari limewashwa. Nilikuwa na fomu ya Rose mkono wa kushoto na kalamu mkono wa kulia, na nilijua kabisa ninachokisoma. Sahihi iliyopo hapo ni yangu.